Kisengere nyuma kinapokwamisha hadithi: dalili, chanzo na tiba

Mswada ukinifikia kutoka Kisumu, Kakamega au Nakuru na hadithi yake haisongi, mara nyingi tatizo liko pale mwandishi alipoamua kurudi nyuma. Kisengere nyuma, au mbinu rejeshi, yaani kusimamisha tukio la sasa ili kusimulia lililopita, tumeisoma tangu shuleni. Tunaitambua katika riwaya na kuitolea mfano kwenye karatasi ya fasihi. Kuitumia ndiko kunakotushinda.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari ana hadithi mkononi. Amewasomea wenzake, wakatoa malalamiko, naye hajui ayarekebishe vipi. Tafuta lalamiko linalofanana na lako uanzie hapo, hakuna haja ya kufuata mpangilio wangu. Ila kuna jambo moja litakalojitokeza karibu katika kila tiba: msomaji hukubali kurudishwa nyuma anapokuwa na swali ambalo jibu lake liko huko. Asipokuwa na swali, safari hiyo ni yako peke yako.

Nitatumia hadithi moja kama mfano. Nekesa amerudi kwao Webuye kwa matanga ya baba yake. Hema limesimamishwa uani, viti vya plastiki vya kukodi vimepangwa, na karibu na mlango wa nyumba kimewekwa kiti cha mbao alichokuwa akikalia marehemu. Shangazi anamwonyesha Nekesa kiti hicho akae. Nekesa hakai.

"Sijui kama tuko sasa au zamani"

Lalamiko hili nalisikia kuliko mengine yote. Mwandishi akiambiwa hivyo hukimbilia kuongeza tarehe: "Mwaka 1999, mwezi wa Januari..." Tarehe haimsaidii sana, kwa sababu chanzo kiko kwenye vitenzi. Soma kipande hiki:

"Nekesa alisimama kando ya kiti. Baba alimwita kutoka jikoni, akamwambia akae. Akakaa. Akamwambia ng'ombe ameuzwa na pesa zote ni karo ya Wafula. Akatazama hema, akaona waombolezaji wanazidi kuingia."

Sentensi ya kwanza ina -li-, ya pili ina -li-. Hakuna kinachomwambia msomaji kwamba kati ya hizo mbili imepita miaka ishirini na mitano, kwa hiyo anachokiona ni marehemu akimwita binti yake katikati ya matanga yake mwenyewe. Kosa la pili limejificha zaidi. Kiambishi -ka- hakina wakati wake chenyewe, bali hufuata wakati wa kitenzi kilichokitangulia. "Akatazama hema" imetanguliwa na mazungumzo ya zamani, basi nalo hema linakuwa la zamani. Mwandishi amerudi kwenye matanga, msomaji amebaki na msichana wa miaka kumi na minne.

Sasa tazama kipande hicho hicho kikiwa kimerekebishwa:

"Nekesa alisimama kando ya kiti. Hakukikalia. Mara ya mwisho alipokikalia alikuwa na miaka kumi na minne. Alikuwa ameitwa kutoka jikoni, ugali bado uko motoni. Baba alimwambia akae. Akakaa. Akamwambia ng'ombe ameuzwa, akamwambia pesa zote ni karo ya Wafula, kisha akamtuma alete chai.

'Dada, mbona umesimama?' Wafula alimuuliza, mkono wake ukiwa juu ya mgongo wa kiti."

Kilichotupitisha nyuma ni "alikuwa ameitwa". Umbo hili, alikuwa pamoja na -me-, linasema kwamba tendo lilikwisha kabla ya lile la "alisimama". Linahitajika mara moja au mbili tu. Tukishafika huko, -li- inatosha ("alimwambia"), na baada yake -ka- inaweza kukimbia itakavyo. Wapo wanaobaki na "alikuwa amesema, alikuwa ametoka, alikuwa amefunga mlango" ukurasa mzima wakiogopa msomaji atapotea. Hapotei. Anachoka tu, na sentensi zinakuwa nzito bila faida.

Kurudi ndiko kunakohitaji uangalifu zaidi. Usirudi kwa -ka-. Anza upya kwa -li-, mtaje mtu ambaye hakuwepo katika sehemu ya zamani au ambaye sasa ni mtu mzima, na mpe kitu cha leo cha kushika. Sauti ya mtu akizungumza inafaa kuliko zote, kwa sababu mazungumzo hutokea sasa hivi masikioni mwa msomaji. Hapo juu Wafula anafanya kazi zote tatu kwa sentensi moja: anazungumza, anamwita mwenzake dada, na anagusa kiti.

Ukimaliza vitenzi, kagua maneno madogo. Ndani ya sehemu ya zamani, "leo" huwa "siku ile", "jana" huwa "siku iliyotangulia", "kesho" huwa "kesho yake", "hapa" huwa "pale". Ukiandika "kesho angeanza shule", msomaji anahesabu kutoka siku ya mazishi. Na jihadhari sana na hu-. "Baba hukaa hapa kila jioni" ni sentensi nzuri kabisa, isipokuwa baba yuko kwenye jeneza. Sema "alikuwa akikaa" au "alizoea kukaa".

Kuna njia ya mkato. Ukisimulia matanga kwa -na- ("Nekesa anasimama, Wafula anauliza"), -li- yote inabaki huru kwa ajili ya zamani, na kuvuka kunakuwa rahisi. Kwa hadithi fupi yenye kurudi nyuma mara nyingi, ningekushauri uijaribu. Sharti ni usiichanganye. Ukiteleza na kuandika "Wafula aliuliza" mara moja tu, ulinzi wote umeondoka.

"Hadithi inachelewa kuanza"

Kuna mwanzo ambao ukisoma miswada ya huku magharibi utaukuta tena na tena. Mhusika amepanda matatu Nakuru. Ameketi dirishani. Wakipita Timboroa baridi inamwingia, anakumbuka utoto wake. Wakipita Eldoret anakumbuka shule. Turbo, anakumbuka mchumba wa kwanza. Anaposhuka Webuye tumesoma kurasa nne na hakuna kilichotokea isipokuwa nauli kulipwa.

Chanzo ni kwamba mwandishi anajibu kabla hajaulizwa. Ana hofu kwamba tusipojua habari za ng'ombe na karo hatutaelewa matanga, kwa hiyo anatupa zote mapema. Lakini hatujamwona Nekesa akifanya lolote la kutushangaza, na habari za ng'ombe aliyeuzwa miaka hiyo zinapita tu.

Tiba: chukua kalamu, uzungushie duara tendo la kwanza ambalo mtu wa kawaida asingelifanya mahali pale. Katika hadithi yetu ni kukataa kiti. Mtoto wa marehemu, amesafiri tangu alfajiri, anaonyeshwa mahali pa heshima, anabaki wima. Hakuna kisengere nyuma kinachoruhusiwa kabla ya duara hilo. Safari yote ya matatu inafutwa, au inabaki sentensi moja.

Wala usikimbie kujibu mara tu baada ya duara. Acha shangazi aseme, "Kaa mwanangu, umechoka." Acha Nekesa aombe maji badala ya kukaa. Acha mpishi mmoja amnong'oneze mwenzake. Binafsi napenda kungoja mpaka mhusika wa pili agundue kuna jambo, kwa sababu hapo swali la msomaji limekuwa pia swali la watu walio ndani ya hadithi, na jibu linakuwa na mtu wa kulipokea.

"Sehemu ya zamani ndiyo tamu, hii ya sasa ningeiruka"

Usifurahie sifa hii. Maana yake ni kwamba sehemu ya sasa haina kazi, ipo tu ili mtu apate mahali pa kukumbukia.

Naikuta zaidi katika hadithi za ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya, mwaka 2007 na 2008. Shosho, yaani bibi, ameketi nje ya nyumba yake Nakuru, anatazama Menengai, anakumbuka walivyokimbia Burnt Forest usiku na kuishia kwenye kambi ya uwanja wa maonyesho. Yaliyotokea huko yanastahili kuandikwa, na waandishi wetu wanayaandika kwa uchungu wa kweli. Lakini Shosho mwenyewe hana analolitaka leo. Anakumbuka, machozi yanamtoka, jua linazama.

Jiulize kwanza: je, hadithi hii inahitaji sasa? Kama nguvu yote iko kwenye usiku ule wa kukimbia, anzia usiku ule, usimulie moja kwa moja, na Shosho awe na umri aliokuwa nao. Waandishi wengi huogopa hatua hii kwa kudhani kisengere nyuma kinaonyesha ufundi. Hadithi iliyonyooka ni ufundi pia, na mara nyingi ndio mgumu zaidi.

Kama unaihitaji sasa, ipe hatari yake. Mpigie Shosho simu. Mtu anataka kununua lile shamba aliloliacha, bei ni nzuri, mwanawe ana deni, na inabidi Shosho aende mwenyewe akaonyeshe mipaka. Sasa kila tunaporudi mwaka 2008 tunatafuta kitu mahususi: atakanyaga pale tena au hatakanyaga? Nani jirani wa mpaka wa juu? Zamani ile ile, maneno karibu yale yale, lakini msomaji anaisoma akiwa na haraka.

Mhusika "anazama katika lindi la mawazo"

Dalili hii unaweza kuitafuta mwenyewe bila kungoja msomaji. Pekua mswada uone kama kuna "mawazo yakamrudisha nyuma", "kumbukumbu zikamjia tele", "alikumbuka kama kwamba ni jana", "machozi yakamlengalenga". Sentensi hizi zinatangaza kwamba tunaondoka badala ya kutuondoa. Na zikitangulia kisengere nyuma kila mara, msomaji anajifunza kuziruka pamoja na kinachofuata.

Badala yake tafuta kitu. Kiwe tayari kimeonekana katika tukio, na kiwe kimeonekana kabla hujakihitaji. Kiti cha mbao tulikiona wakati wa kupanga hema, kwa hiyo kinapofanya kazi yake hakuna anayeuliza kimetoka wapi. Harufu pia ina nguvu. Chukua karani wa ofisi moja mjini Kisumu. Saa saba mchana mwenzake anafungua kibakuli cha omena, dagaa wa ziwani. Karani anatoka nje na kuacha chakula chake. Huna haja ya kuandika kwamba harufu ilimkumbusha mama yake. Acha nafasi ya mstari mmoja, uanze: "Mama alikuwa ameanika omena kwenye neti kuukuu tangu asubuhi, na mvua ilikuwa inakuja kutoka ziwani." Msomaji wa Kisumu na wa kwingineko wote wanajua tumefika wapi.

Nafasi hiyo ya mstari ni msaada mzuri, lakini haichukui kazi ya kitenzi. Mhariri au mpangaji wa kurasa akiiondoa kwa bahati mbaya, "alikuwa ameanika" ibaki ikituongoza. Herufi za mlazo kwa kurasa nzima nakushauri uziache, zinachosha macho.

Picha ukutani nayo ipumzishwe kidogo. Kila nyumba katika hadithi zetu ina picha ya marehemu, na kila mhusika huitazama kwa wakati unaofaa.

"Hiyo miaka haiendani"

Hapa ndipo msomaji wa nyumbani huwa mkali, na ana haki. Akikuta kosa moja la wakati haamini tena machozi ya mtu yeyote katika hadithi yako. Chanzo chake ni rahisi: mwandishi ameivisha zamani nguo za leo. Tiba yake inahitaji karatasi pembeni. Andika mwaka wa matukio ya sasa, umri wa kila mhusika, kisha utoe.

Tufanye matanga ni mwaka 2024 na Nekesa ana miaka 39. Basi alikuwa na miaka 14 mwaka 1999. Hesabu hii ndogo inaamua mambo mengi. Mwaka 1999 hakumpigia mwalimu simu ya mkononi kutoka kijijini. Karo ya Wafula haikutumwa kwa M-Pesa, maana huduma hiyo ilianza Machi 2007. Hakukuwa na gavana wala kaunti, kwa kuwa serikali za kaunti zilianza kazi 2013. Webuye ilikuwa Mkoa wa Magharibi. Kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kilikuwa bado kinafanya kazi, na harufu yake ilimpokea kila aliyeingia mji ule. Kilifungwa 2009.

Tazama pia jinsi hesabu inavyougusa msuko wenyewe. Ungemfanya Nekesa awe na miaka 29, ingebidi uamuzi wa baba uwe wa 2009, na tangu mwaka 2008 serikali ilikuwa imeanza kulipia masomo ya sekondari za kutwa. Wazazi waliendelea kubeba gharama nyingine, lakini ile kauli ya baba kwamba pesa zote za ng'ombe ni karo ya Wafula isingesimama bila maelezo zaidi. Mwaka 1999 inasimama yenyewe. Umri wa mhusika, kwa hiyo, si jambo la kupachika mwishoni.

Faida ya kazi hii ni kubwa kuliko kuepuka makosa. Vitu vya wakati wake vinamwambia msomaji mwaka bila wewe kuutaja. Ukitaka tujue tuko kabla ya Februari 2004, sheria mpya za matatu zilipoanza, ingiza mhusika katika matatu ya Nissan iliyojaa mpaka mtu wa nne kwenye kiti cha watu watatu, bila mikanda wala ule mstari wa manjano ubavuni. Ukitaka kabla ya Agosti 2017, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, mwache mama wa soko la Kibuye apime omena kwa gorogoro, mkebe wa kupimia, na kuimimina kwenye juala jembamba la plastiki. Mtoto anayerudishwa darasani Januari 2003 kwa sababu shule ya msingi imekuwa bila malipo, amekaa sakafuni kwa kuwa madawati hayatoshi, hahitaji tarehe. Anayehesabu haraka noti za zamani za elfu moja yuko kabla ya Oktoba 2019, zilipoacha kutumika. Na ukiwa Kisumu kabla ya 2001 au Nakuru kabla ya Desemba 2021, usimfanye mhusika aseme "jiji letu" kwa majivuno ya leo.

Chagua kimoja au viwili. Ukivipanga vyote katika aya moja hadithi inageuka makumbusho.

"Mwandishi alinificha"

Mvuvi wa Dunga, ufuo wa Kisumu, anasimulia kwa "mimi" jinsi alivyokesha na wenzake wakimtafuta Ouma ziwani. Ukurasa wa mwisho kuna kisengere nyuma: ni yeye aliyemsukuma majini. Mwandishi anatarajia tushtuke. Tunakasirika. Tumekaa ndani ya kichwa cha mtu huyu usiku kucha, na jambo ambalo bila shaka hakuacha kuliwaza halikutajwa hata mara moja.

Chanzo ni kuchanganya taharuki na kuficha. Taharuki haihitaji tusijue kilichotokea. Jaribu kuanza na "Nilimsukuma Ouma saa mbili usiku, na saa nne nilikuwa miongoni mwa waliokuwa wakimtafuta." Maswali yamezidi, hayajapungua: kwa nini alimsukuma, na itakuwaje akipatikana hai? Kisengere nyuma sasa kinakuja katikati kujibu la kwanza, wakati la pili bado linatushika.

Kama lazima ufiche, toka kwenye "mimi". Simulia kwa nafsi ya tatu ukiwa nje kidogo, utuonyeshe anavyokwepa. Haangalii upande wa kushoto wa mtumbwi. Jina la Ouma wengine wanaliita kwa sauti juu ya maji, yeye anamulika tochi tu. Kisengere nyuma kikifika, msomaji anarudi kwenye dalili hizo na kukuta hukumdanganya.

"Nililiruka lile fungu refu"

Mfaransa Gérard Genette, alipochambua wakati katika masimulizi mwaka 1972, alitenganisha mambo mawili ambayo sisi huyaweka pamoja: tukio la nyuma liko umbali gani kutoka sasa, na lenyewe linachukua muda kiasi gani. Utengano huo unasaidia sana katika kukata. Umbali wa miaka 25 haumsumbui mtu. Kinachochosha ni urefu, yaani kurudi 1999 na kutembea nasi pole pole hadi 2010, mwaka kwa mwaka, ndoa, mtoto, kazi. Nekesa anahitaji dakika chache tu za 1999: kuitwa, kukaa, ng'ombe, chai. Mengine ni wasifu wake, mengi yatajulikana kwa jinsi anavyojibu shangazi.

Alitofautisha pia kurudi kabla ya mwanzo wa hadithi na kurudi kwenye tukio lililo ndani ya hadithi yenyewe. Hili la pili ni la hatari zaidi kwa sababu msomaji alikuwepo. Ukimrudisha jikoni asubuhi ya mazishi ambako tayari amewahi kuwa, mwonyeshe kitu ambacho mara ya kwanza hakuweza kukiona, labda kwa macho ya Wafula. La sivyo ni marudio.

Kuhusu kisengere nyuma ndani ya kingine, baba akiwa kwenye kiti mwaka 1999 anakumbuka alivyonyimwa shule na baba yake: mfanye aseme. Sentensi moja ya mazungumzo, "Mimi nilitolewa darasa la tatu na sikufa," inatosha, na hatujahamia wakati wa tatu.

"Sawa, lakini tumerudi na nini?"

Wasomaji wengi hawalisemi lalamiko hili. Husema tu hadithi ni nzuri, kisha wananyamaza. Lipime mwenyewe: toa kisengere nyuma chote, soma tukio linalofuata. Likisomeka vile vile, ulichokitoa kilikuwa pambo.

Katika rasimu moja inayowezekana, Wafula anauliza mbona umesimama, Nekesa anasema "Si kitu," mazishi yanaendelea. Ng'ombe hakubadilisha lolote. Tujaribu tena. Wafula anauliza, mkono juu ya mgongo wa kiti. Nekesa anamwambia, "Kaa wewe. Kilikuwa chako tangu mwanzo." Wafula, aliyekuwa na miaka kumi na sita siku ile na ambaye hakuwahi kuuliza pesa za karo zilitoka wapi, anauondoa mkono. Sasa mtu aliye hai amelazimika kufanya jambo kwa sababu ya kile tulichokiona. Shangazi naye akisikia, kuna kesi itakayowafuata mpaka siku ya kugawa shamba, na hapo mwandishi amejipatia nusu ya pili ya hadithi yake.

Si lazima mabadiliko yawe ya mhusika. Yanaweza kuwa ya msomaji: Wafula anafanya lile lile alilolifanya mwanzoni, kuwaletea wageni viti, na sisi ndio tunaomtazama tofauti. Lakini lazima yawepo upande mmoja.

Ukiwa na kurasa mbili tu

Mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, anayeandika insha ya maneno yasiyopungua 400 anakutana na matatizo haya yote yakiwa yamebanwa, hasa akipewa kisa cha kumalizia kwa maneno fulani. Tuseme maneno ni "Nilifunga mlango nikijua sitarudi tena." Wengi huanza na mhusika aliyekwisha kuondoka, wakaturudisha nyuma aya tatu, kisha muda unawaishia huku bado wako zamani. Sentensi ya mwisho inapachikwa, na mlango unaofungwa haujulikani ni wa nyumba ipi wala wa mwaka gani.

Mwambie mwanafunzi aandike kwanza aya inayobeba sentensi hiyo. Aone ni nani anafunga, mlango wa wapi, nani amebaki ndani. Halafu aamue kama kuna jambo moja, na liwe moja kweli, ambalo lazima tulijue kutoka kabla ya siku hiyo. Likiwepo, alipe sentensi sita hivi katikati ya insha, aingie kwa "alikuwa ame-", atoke kwa mtu anayezungumza. Lisipokuwepo, asimulie kuanzia asubuhi hadi mlangoni bila kurudi nyuma popote.